Mpishi wa Viriba

Apolinaria Lugembe aliwapikia watu ugali kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Walimwita mama wa jikoni. Chumvi ikizidi walimwita majina mengine ambayo hayafai kuandikwa, ingawa mengine yalikuwa na ubunifu. Alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni hapa Tabora: wanafunzi mia nne na themanini, masufuria mawili ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kujifichia, na mwiko wa kimo chake mwenyewe. Kisha shule ikaingia mkataba na kampuni ya chakula yenye nembo ya jani la kijani. Kampuni ikaleta majiko ya gesi na vijana wenye kofia nyeupe. Apolinaria akapewa cheti cha shukrani, kanga mbili na soda. Kwenye cheti jina lake la ukoo lilikosewa. Soda haikuwa imewahi kuliona jokofu.

Ana miaka hamsini na nne, mjane, mfupi, ana mikono ya mtu wa kubeba magunia, na anaishi Ng'ambo, mtaa ambao tangu enzi za misafara umezoea kupitiwa na watu wanaoelekea mahali pengine. Sisi tuliobaki tunauziana chapati na kuchomeleana mageti. Yeye sasa anatengeneza viriba.

Kiriba ni ule mfuko mwembamba wa nailoni, mrefu kama kiganja na nusu, unaojazwa udongo na kuoteshewa mche wa mti. Wakulima wa tumbaku wanavijua sana, kwa sababu tumbaku hukaushwa kwa kuni, na mkulima anayechoma miti anatakiwa apande mingine. Naye hupanda. Katika kijiji kimoja cha Sikonge, ambacho sitakitaja kwa kuwa nina shemeji huko, watu hupanda kwa bidii ya kutisha, siku moja kabla ya mkaguzi kufika, mche ukiwa bado umevaa kiriba chake kama soksi. Kukichana kunachukua sekunde tano, lakini watu wana haraka. Mche unazikwa na nailoni yake, mizizi inazunguka humo ndani kama mlevi anayeutafuta mlango, na ifikapo kiangazi umekufa. Mwaka unaofuata mkulima anarudi kwenye shimo lile lile na mche mwingine uliovaa soksi nyingine. Yapo mashimo yaliyokwisha kupandwa mara sita na hayajawahi kutoa kivuli cha kumtosha kuku. Kwenye karatasi ni msitu.

Aliyemsimulia Apolinaria habari hizo ni Amne, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa huko huko, mwanamke mkavu wa maneno, walipokaa meza moja kwenye harusi wakingoja pilau ambalo lilikuwa limechelewa.

"Tumewasemesha mpaka tumechoka," Amne alisema. "Chana kiriba, chana kiriba. Wanakuitikia ndiyo, ukigeuka wanakizika."

"Basi wapeni kiriba kinachojichana chenyewe."

"Kinauzwa wapi hicho?"

"Hakiuzwi," Apolinaria alisema. "Lakini nilishawahi kukipika kwa bahati mbaya."

Na kweli alishakipika. Miaka michache kabla, kipakiti cha chumvi kilidondokea ukingoni mwa sufuria, nailoni ikayeyuka na kushikana na ukoko. Alipoubandua ule ukoko aliona unapinda kama ngozi, hauvunjiki. Akautupa nyuma ya jiko. Mvua zilipokwisha aliuona tena: ugali ulikuwa umeliwa na udongo wote, nailoni ilibaki na matundu matundu, kama wavu. Mwingine angeendelea na safari yake. Yeye aliuokota, akauweka mfukoni, na ukafuliwa pamoja na aproni mara kadhaa.

Kwa hiyo Januari mwaka huu alikwenda kwa uongozi wa kigango chetu akaomba chumba cha stoo kilichoko nyuma ya kanisa, chenye umeme na sakafu ya saruji. Mwenyekiti wa kigango, Mzee Erasmus, ni mwalimu mstaafu anayeamini kwamba kila jambo lina kikao chake. Vikafanyika vikao vitatu. Akapewa chumba kwa miezi sita, kwa sharti moja: Julai ikiisha bila mteja kupatikana, chumba kinakwenda kwa kwaya. Kwaya ilikuwa na majoho mapya ya zambarau, na majoho yalikuwa yananing'inia nyumbani kwa mwenyekiti wa kwaya, ambaye mkewe alikuwa ameanza kuyageuza mito.

Mashine aliitengeneza Emilian, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili, mtu mrefu asiyependa matumaini. Kila kitu kwake "kitaalamu haiwezekani," kisha anakifanya. Alinunua chuma chakavu cha mashine ya kukamulia alizeti. Ndani ya mashine hiyo kuna skrubu kubwa inayozunguka kwenye bomba nene, inasukuma mbegu mbele na kuzibana. Emilian aliziba matundu ya mafuta, akaiwekea mdomo mpya wenye upenyo mwembamba wa duara, kama pete, ili kinachotoka kitoke kama mrija, akazungushia bomba koili tatu za umeme za kulipasha moto, kila moja na swichi yake: ya nyuma, ya kati na ya mdomoni. Mwisho akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Kitaalamu," akasema, "itatuua."

Haikuwaua, lakini haikuwapa viriba pia. Apolinaria alitaka kusukuma humo nailoni na wanga wa muhogo pamoja, ili ardhini udongo ule wanga na kuacha matundu. Hapa ndipo pana shida yenyewe, na wasomi wameipa jina refu ambalo sina haja ya kuwasumbua nalo. Nailoni ukiipasha moto inalegea. Wanga wa muhogo ukiupasha pamoja na maji unakaza, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kusonga ugali. Ukiupasha bila maji haulegei wala haukazi, unaungua tu na kunuka. Hao ndio maharusi. Mmoja moto unamlainisha, mwingine unamfanya mkaidi, na unataka watembee pamoja kwenye bomba moja, kwa mwendo mmoja, watoke mlangoni wameshikana mikono.

Mshenga wao alikuwa gliserini, ile wanayonunua akina mama wanaotengeneza sabuni. Ukiuchanganya wanga na gliserini, ukaulaza usiku kucha, unakuwa na ulaini wa kutosha kuyeyuka badala ya kuungua. Maji nayo yanasaidia, ila maji ni rafiki mnafiki: yakifika mdomoni mwa mashine yanachemka, na mrija unatoka umevimba malengelenge kama andazi lililolala. Apolinaria alijifunza kuuanika mchanganyiko kwenye mkeka mpaka mkono wake umwambie basi.

Kipimajoto hakuwa nacho. Alitumia sukari. Anachukua chembe chache kwa ncha ya kisu, anaziweka juu ya chuma, anahesabu mpaka ishirini. Zikibaki nyeupe, endelea. Zikianza kulowa na kugeuka njano, ndani wanga unakaribia kuungua, zima koili. Zikiwa kahawia, fungua madirisha na umwombe Mungu. Emilian alimcheka mpaka alipoazima kipimajoto cha kweli kwa jamaa wa karakana fulani akakuta sukari ya mama huyu ni ya kuaminika zaidi kuliko yeye.

Miezi ikaenda. Wanga wa muhogo mbichi wa sokoni ulikuwa mgumu kusukumwa. Kuufanya upite, ilibidi koili zote tatu ziwake, na zikiwaka zote pamoja na mota, umeme wa kigango unakatika. Jambo hili lilitokea mara nne kwaya ikiwa mazoezini, na mara moja katikati ya sauti ya juu ya mtu ambaye, kwa maoni ya wengi, alistahili. Viriba vyenyewe vilitoka vya kila aina: vyenye malengelenge, vyenye magamba kama ngozi ya kenge, vya rangi ya chai iliyochacha. Vingine vilitoka vizuri sentimita thelathini, halafu bomba likacheua bonge na mrija ukakatika. Vya kwanza vilivyosimama kidogo, vya Februari, alivijazia udongo, akaoteshea migunga, na mwishoni mwa Aprili akapanda michache ukutani mwa stoo, na soksi zake makusudi.

Julai ikafika. Amne akapiga simu: atakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi na wenzake wawili, waone kwa macho, kwa sababu wiki inayofuata wanajaza udongo kwenye vitalu vyao na lazima wajue wanajaza kwenye nini. Mzee Erasmus aliposikia, alikuja kumpa Apolinaria ushauri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti yangu, wakikuuliza kama vinaoza, sema vinaoza asilimia mia."

"Haviozi mia, mzee. Karibu nusu yake ni nailoni."

"Najua. Lakini watu wanaipenda mia. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, sijaona mzazi aliyefurahia arobaini na nane."

Alisema hivyo kwa nia njema, na huo ndio ugonjwa wa nia njema.

Wanga uliobaki haukutosha. Apolinaria alimwagiza wifi yake Martha, dada wa marehemu mumewe, anayelima Lusu kule Nzega: gunia moja la wanga wa muhogo, ulioparuzwa, ukakamuliwa, ukatuama na kukauka. Gunia lilifika kwa basi Jumatano jioni, jeupe, laini, limeshonwa kwa uzi mwekundu kwa upendo. Wakauchanganya na gliserini, na asubuhi ya Alhamisi wakawasha mashine kama siku zote, koili tatu.

Mrija haukutoka. Kilichotoka ni uji. Ulimiminika kutoka mdomoni mwa mashine bila aibu, ukadondokea ndala ya Emilian, na Emilian akaivua ndala hiyo kwa kasi ambayo mimi, niliyekuwa nachungulia mlangoni, sikujua anayo.

"Nilisema," alisema kwa mguu mmoja. "Nilisema kitaalamu haiwezekani."

"Umeungua?"

"Ndala imeungua. Mimi nimesikitika."

Apolinaria akafanya ambacho mpishi yeyote angefanya ugali ukiwa mwepesi: aliongeza unga. Wanga zaidi, nailoni pungufu, moto ule ule. Ikawa mbaya zaidi. Mrija ulitoka unararuka, una madoa ya kahawia, na chumba kizima kikanuka kama bweni zima limesahau chungu jikoni. Sukari juu ya chuma ilikuwa ya njano. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku moja kabla ya wageni, na kupitia dirishani alimwona mwenyekiti wa kwaya akipita polepole, akikitazama chumba kama mtu anayetazama kiwanja.

Akazima kila kitu. Akachovya kidole kwenye gunia, akalamba.

"Mama, unaonja malighafi?" Emilian aliuliza.

"Mchachu huu."

"Umeharibika. Tuutupe."

"Haujaharibika. Huu ni uchachu wa kulowekwa." Akatoa simu.

Simu ya Martha iliita kwa muda. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mbuzi.

"Wifi, mwangaluka," Apolinaria alimwamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, wifi! Mzigo umefika salama?"

"Umefika, asante sana. Nikuulize, wifi, huu muhogo uliuloweka?"

Martha alimfukuza mbuzi kwanza.

"Ni swali gani hilo, wifi? Ulikuwa muhogo mchungu. Nikutumie muhogo mchungu bila kuuloweka? Ili watu wa Ng'ambo waseme ndugu wa marehemu wamemtumia mjane wake sumu?"

"Lakini nilikwambia ni wa mashine. Mashine haili."

"Mashine haili, ila wewe nakufahamu. Wewe unaonja kila kitu."

Apolinaria akakitazama kidole chake.

"Siku ngapi, wifi?"

"Tano. Na maji nilibadilisha mara moja tu, yasipungue makali. Heshima yako kwetu iko pale pale."

Alipokata simu alikaa juu ya gunia. Emilian alidhani analia, akaanza kutafuta maneno ya kufariji, kazi ambayo haikuwa fani yake. Kumbe mama alikuwa anahesabu.

"Emilian, ugali wa muhogo uliolowekwa na ugali wa muhogo mbichi, upi unasumbua mwiko?"

"Mimi nakula tu, mama. Sisongi."

"Mbichi unavutika kama ulimbo, mwiko unakataa kutoka. Uliolowekwa unageuka kirahisi. Ule uchachu unaukata wanga, unaufanya mfupi mfupi. Kama nyuzi: nyuzi ndefu zinasokotana, fupi zinapitana. Sisi tumewasha moto wa kumshurutisha mkaidi, na huyu si mkaidi. Tumemchemsha mtu aliyekwisha kukubali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tupunguze moto, tusiongeze unga. Na gliserini tuipunguze theluthi. Zima koili ya mdomoni."

"Kabisa? Kitaalamu nailoni itaganda njiani."

"Itapata joto la kusuguliwa na skrubu. Zima."

Akazima. Wakangoja chuma kipoe, wakarudi kwenye vipimo vya mwanzo, karibu nusu kwa nusu, wakiwa wamepunguza gliserini kwenye donge jipya walilolikanda kwa mikono, maana hapakuwa na usiku wa kulilaza, na kulianika juani mpaka saa nane mchana. Apolinaria akaweka sukari. Akahesabu mpaka ishirini, akahesabu tena. Nyeupe.

Mota ikanguruma. Mdomoni pakatokea ulimi, ukawa pete, ikawa mrija. Ulikuwa na rangi ya maziwa yenye chai kidogo, laini kama utumbo wa mbuzi uliooshwa na mtu mwenye subira. Ulipotoka mdomoni ulinenepa kidogo, kama bwana harusi anavyofungua mkanda baada ya kula, na hilo walilijua: kila unachokibana njiani kitatanuka kikipata nafasi, ndiyo maana Emilian aliuchonga mdomo mwembamba kuliko kiriba kinachotakiwa. Apolinaria alishika ncha kwa kitambaa kibichi, akaanza kurudi nyuma nao taratibu. Mita moja. Mbili. Hakuna lengelenge. Kutoka kanisani kulisikika kwaya wakiimba, na taa zao zilikuwa zinawaka, na spika yao ilikuwa inafanya kazi, jambo ambalo kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa lilitufurahisha.

Emilian aliuangalia mrija kwa muda mrefu, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna.

"Mama," akasema kwa unyonge, "nadhani imewezekana."

Ijumaa Amne alifika saa tatu na wenzake wawili kwa pikipiki mbili, wote wekundu kwa vumbi la Sikonge mpaka kwenye nyusi. Mzee Erasmus alikuwepo, amevaa koti. Walikuwepo pia wanakwaya watatu, na futi ya kupimia, ambao walidai wamepita tu na wakaanza kupima ukuta wa ndani kwa ajili ya rafu. Katika kupita tu huko walikuwa na penseli.

"Wasikusumbue, mama," Mzee Erasmus alisema. "Ni maandalizi."

"Maandalizi ya nini, mzee?"

"Ya uwezekano."

Amne hakutaka chai kwanza. Alichukua kiriba cha jana kilichokatwa na kufungwa chini, akakijaza udongo mbichi kwa viganja vyake, akaushindilia kwa kidole gumba, akamwagia maji. Akakinyanyua kwa kukishika shingoni, akakitikisa. Kikashika. Akakiachia kutoka usawa wa kiuno. Kikaanguka kwa upande, kikabonyea, hakikupasuka. Wenzake wakatazamana.

"Kitalu kinamwagiliwa miezi minne," Amne alisema. "Kitasimama miezi minne?"

"Cha jana sijui, kina umri wa siku moja. Vya Februari, ambavyo vilikuwa vibaya kuliko hivi, vilikaa na mche wiki kumi na moja bila kuanguka. Baada ya hapo sikuvingoja, nikavipanda."

"Wiki kumi na moja si miezi minne."

"Si miezi minne."

Mzee Erasmus alikohoa. Amne akakigeuza kiriba mkononi, akakinusa, kisha akauliza swali ambalo kila mtu chumbani alikuwa analingoja, pamoja na wale wa futi.

"Na kikifukiwa, kinaoza chote?"

Mzee Erasmus akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye tarakimu tatu ndani yake. Apolinaria alimtazama. Alikitazama chumba: mashine, mkeka, magunia, alama za penseli ambazo tayari zilikuwa ukutani. Maneno mawili tu yangemwachia chumba chake. Na hakuna ambaye angemfukulia shimo kuyahakikisha, maana kule mashimo hufukuliwa kwa ajili ya kupanda tu.

"Hapana," akasema. "Wanga unaoza, kidogo zaidi ya nusu. Iliyobaki ni nailoni, na nailoni ni nailoni. Inabaki ardhini kama wavu."

Mmoja wa wenzake Amne akacheka. "Sasa faida yake nini, mama? Si ni soksi ile ile, ila imetoboka?"

"Njoo uone ilivyotoboka."

Aliwapeleka nyuma, ukutani, kwenye migunga yake ya Februari iliyomfika gotini. Akapiga magoti, akachimba kwa jembe la mkono kuuzunguka mche mmoja, akauinua na bonge lake la udongo. Akaupapasa udongo ukadondoka. Kiriba kilikuwepo, au tuseme mzuka wake: utando mweupe wa matundu, na kupitia kila tundu ulikuwa umetoka mzizi, mingine minene kama penseli, imenyooka, imekwenda zake. Hakuna uliozunguka. Akachukua wavu kwa vidole viwili akauvuta, nusu ikachanika na kubaki kwenye mizizi, nusu ikatoka mkononi mwake.

"Hii ninayoiweza naitoa. Inayobaki inabaki. Nikipata njia ya kupunguza nailoni zaidi nitaipunguza, bado sijaipata. Lakini mti huu haukuchanwa soksi na mtu yeyote, na uko hai."

Amne alichuchumaa. Aliushika mzizi mmoja, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Uso wake haukuonyesha chochote, kwa kuwa ni uso usioonyesha kitu hata kwenye harusi.

"Nina shimo nyumbani," akasema, "nimelipanda mara nne. La kwangu mwenyewe. Mwenyekiti wa kikundi." Akawageukia wenzake. "Mnacheka nini? Na nyinyi mnayo."

Waliacha kucheka.

"Waliotuletea vile vya mwaka juzi walituambia vinaoza vyote," Amne aliendelea. "Vimo ardhini mpaka leo, unaweza kuvisoma jina. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hapana." Akasimama, akapangusa magoti. "Elfu tatu. Nusu ya vitalu tutajaza kwenye hivi, nusu kwenye vile vya zamani. Tupande pamoja, halafu Julai ijayo tufukue mbele ya watu wote, tuone miche ya viriba vipi ilikufa. Vikianguka kabla ya miezi minne, utasikia sauti yangu bila simu."

"Elfu tatu lini?"

"Elfu moja Jumatano. Vingine katikati ya Agosti."

Apolinaria hakupiga vigelegele. Alifunga macho kidogo, akayafungua, akasema, "Jumatano utavikuta," kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwambia mwalimu wa zamu kwamba chakula kiko tayari. Mzee Erasmus alikuwa ameshatoa daftari lake dogo. Kwa kuwa ni mtu wa haki, aliandika tarehe, akaandika elfu tatu, akapiga mstari chini.

"Mteja amepatikana," alitangaza, kana kwamba ni yeye aliyemtafuta. "Chumba kinabaki. Suala la majoho litapangiwa kikao."

"Lakini tumeshapima," alilalamika mwanakwaya mwenye futi.

"Basi mtakuwa na vipimo."

Amne sasa akataka kuiona mashine ikifanya kazi. Emilian, amevaa viatu vya ngozi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawasha koili mbili, wakangoja, Apolinaria akaweka sukari, akahesabu. Mota ikanguruma. Mrija ulipotokeza, Amne akanyoosha mkono.

"Niachie mimi nivute."

Akavuta, ukakatika.

"Unavuta kama unamtoa mbuzi shambani," Apolinaria alimwambia. "Usivute. Ufuate. Wenyewe unajua mwendo wake, wewe rudi nyuma tu."

Amne akalowesha kitambaa, akaishika ncha upya, akaanza kurudi nyuma, hatua fupi fupi, macho kwenye mrija. Alivuka katikati ya chumba. Alifika ilipokuwa imenyooshwa futi ya wanakwaya, na wanakwaya, baada ya kusitasita, wakaiinua juu ya vichwa vyao ili apite. Akatoka mlangoni kinyumenyume, akaingia juani, na mrija mweupe ukamfuata uani bila kukatika, huku Apolinaria akiwa ndani anamwita, "Taratibu, mwenyekiti, taratibu, mrija bado unakuja."